Waridi jekundu linalonukia kweli, nipande lipi Jinja?

BintiKisauni: Hamjambo wapendwa. Nimeolewa Jinja, asili yangu Mombasa. Kwetu waridi hutiwa kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini na rehani, kwa hiyo waridi lisilonukia mimi silihesabu kuwa ua. Huku nilinunua shada sokoni, nikachomeka vijiti, vikashika na kutoa maua mekundu ya kupendeza macho. Harufu? Hakuna, hata ukilibana puani. Wifi yangu anasema ni udongo wa Jinja. Ni kweli? Na kama si kweli, niulizie mche wa jina gani?

MzeeKitalu (Entebbe): Binti, udongo hauna kesi. Ulichomeka waridi la biashara. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua huku kando ya ziwa. Pale ua huchaguliwa kwa shina lililonyooka, kwa kustahimili boksi na ndege mpaka Uholanzi, na kwa siku litakazokaa kwenye chombo cha maji. Mnunuzi wa mnada hanusi. Na kijiti humrithi mamake, hata ukikipanda peponi.

Ulizia Mister Lincoln. Lilitolewa Marekani 1964, mwaka uliofuata likapewa tuzo ya mawaridi ya All-America. Mzazi wake mmoja ni Chrysler Imperial (ndiyo, lilipewa jina la gari), wa pili Charles Mallerin. Tumba lake ni jekundu la kukaribia weusi, petali thelathini na zaidi, na likifunguka unalisikia kabla hujalifikia. Likizeeka hugeuka rangi kuelekea zambarau. Mimi hapo hulikata, silipendi.

Ni refu, hupita kifua cha mtu mzima, kwa hiyo lipe nafasi na jua la kutosha, lisibanwe ukutani. Adui wake kwetu ni madoa meusi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, utaona duara jeusi lenye ukingo uliochanikachanika, jani linakuwa manjano pembeni, kisha linadondoka, kuanzia chini kwenda juu. Okota majani hayo yote uyachome, usiyatie kwenye mboji. Maji mwagia shinani, asubuhi, majani yasilale na unyevu.

Wauza miche wa barabarani wengi watakwambia "nyekundu" basi, jina hawalijui. Usitoe pesa mpaka uone mche una ua na umelinusa mwenyewe. Nenda asubuhi. Saa nane mchana, juani, hata zuri huwa halinukii.

Rukiga_Baridi: Mzee, mbona umewaruka ndugu zake? Papa Meilland la Ufaransa, 1963, wazazi wale wale. Ni jeusi zaidi, na kwa pua yangu lina harufu nzito zaidi. 1988 liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya mawaridi ya dunia. Ninalo hapa Kabale.

MzeeKitalu (Entebbe): Sikuliruka, nilimhurumia binti. Mwambie na ule ukungu mweupe wa unga.

Rukiga_Baridi: Hahaa, haya. Ukungu upo, hasa kwenye machipukizi, na maua hutoa kwa kuringa. Lakini likitoa moja, nyumba nzima inajua. Kwa Jinja hata mimi ningeanza na Lincoln.

BintiKisauni: Asanteni sana, wifi nimeshamsomea. Mzee, swali la mwisho: mche ukipuliziwa dawa ya madoa, ua lake naweza kulivaa kwenye kikuba?

MzeeKitalu (Entebbe): Usivae. Dawa za mawaridi ni za bustani, si za kuweka karibu na ngozi na pua usiku kucha. Panda mche wa kikuba peke yake, mbali na ile unayopulizia, huo uuokotee majani kwa mkono tu hata ukibaki na miguu mitupu. Chuma ua likiwa limefunguka nusu, umande umekauka lakini jua halijapanda.