Naomba ushauri: nihamie Affinity au nibaki na Illustrator?

Wakuu, habari za kazi. Tangu kampuni ya Canva, walioinunua Affinity (programu ya kusanifu michoro, kama Illustrator) mwaka 2024, waitoe bure Oktoba 2025, nawaza kuhamishia kazi zangu huko. Natengeneza mabango, kadi za harusi na lebo za bidhaa, na malipo ya Illustrator ya kila mwezi yananiumiza sana kazi zikipungua.

Hofu yangu ni uchapaji. PDF ya CMYK (mfumo wa rangi nne za uchapaji) ikitoka huko, rangi zinabaki vilevile kwenye mashine ya ofseti? Nina mteja wa asali, lebo yake ina njano iliyokolea. Ikielekea kijani kidogo tu anarudisha mzigo wote. Na faili za zamani za Illustrator zinafunguka bila kuvurugika? Aliyekwisha kuhama na anachapisha Kariakoo, naomba anieleze alichokutana nacho.