Naomba ushauri: shanga za kioo za Waviking zinanipasukia

Wakuu, natengeneza nakala za shanga za Waviking, hasa zile "nyigu" za Ribe, Denmark, za karne ya 8: kioo cheusi kilichozungushiwa nyuzi nyembamba za njano. Mafundi wale waliyeyusha hata vipande vya kioo vya mozaiki (picha za vipande vidogo vya rangi) za Kirumi, nawavulia kofia! Nazungusha kioo kwenye ufito wa chuma uliopakwa udongo. Nyuzi zinashika vizuri, lakini shanga ikipoa inapasuka kuanzia tunduni. Naipoozea ndani ya majivu ya moto. Je, majivu yanapoa haraka mno, au vioo viwili havipatani, yaani havisinyai sawa vikipoa? Pia, kwa mkufu wa miaka ya 770, nisiziweke shanga za Mashariki ya Kati, zilizofurika Skandinavia mwishoni mwa karne hiyo?