Yule bwana wa samaki wa mapambo hapa Mtwara, eti NIKAANGE

Kisima cha Shangani:
Wakuu, leo sina salamu. Chai imepoa hapa na mkono unatetemeka.

Mnamjua. Msinilazimishe kumtaja. Yule anayejiita daktari wa samaki, kaptula mifuko kumi, funguo hamsini kiunoni na hakuna hata moja inayofungua kitu.

Jana jioni mzigo wangu umeshuka na basi la Dar, visamaki vya mapambo, neoni tetra 12. Zaidi ya kilomita 550 ndani ya mfuko wa plastiki! Wamevuka Rufiji, wamepita Somanga, wamepita Nangurukuru, hajafa hata mmoja. Hata mmoja! Wamekuja kuuawa sebuleni kwangu, mbele ya kochi.

Nilimwambia kwa lugha ya kistaarabu: bwana, ngoja. Mfuko uelee kwanza tangini dakika 20 joto lilingane, kisha tuwape maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira wa dripu. Mpira nimeununua duka la dawa, hadi muuzaji akanipa pole akidhani nauguza. Nikaenda jikoni kuchukua beseni. Beseni tu jamani! Nasikia PWAAA. Narudi mbio, jamaa kapasua mfuko kwa MENO, kamimina samaki na maji yao yote, na kipande cha plastiki bado kinaning'inia mdomoni kama mbuzi wa sokoni.

Asubuhi tisa wako chali. Nikampigia. Wallahi sikutaka hela, nilitaka pole tu. Akacheka kwanza. Halafu akasema: "Si ukaange."

Kaanga. Neoni tetra ana sentimita tatu! Nikaange kwa kijiko cha chai? KAANGA! Simu nimeshakata lakini hilo neno bado lipo sebuleni, limekunja nne.

Korosho Ghafi:
Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa la jamaa sijaliona. Ndimu ulikuwa nayo?

Bibi Mikindani:
Mwanangu, wenzio tangu alfajiri wapo Feri wanagombea vibua, wewe unaagiza samaki wa kutazama. Halafu unamuwekea dripu. Haya.

Kisima cha Shangani:
Bibi, shikamoo, lakini usinichokoze leo. Mtu anakuua samaki halafu anakwambia kaanga!

Mnyasa Mpole:
Pole mkuu, ila na wewe una lako. Mfuko uliofungwa saa kumi na zaidi umejaa hewa ukaa na amonia ya taka zao. Hewa ukaa inashusha pH (kile kipimo cha asidi; ikishuka, maji yana asidi zaidi), na pH ikiwa chini amonia inakuwa haina makali. Ukifungua tu, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu palepale. Sasa wewe ulitaka wakae kwenye maji hayohayo saa nzima unawatonea dripu? Dripu ni ya samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili. Aliyesafiri kutwa, acha mfuko uelee ukiwa umefungwa, joto likilingana fungua, wachote kwa wavu upesi, maji yao mwaga nje. Jamaa alikosea kumimina yale maji tangini. Kwenye haraka, kwa bahati mbaya, alikuwa sahihi. Maji yako ya wapi?

Kisima cha Shangani:
Kisima. Kipimo kinasoma 8.2. Lakini hoja si pH, hoja ni KAANGA.

Mnyasa Mpole:
8.2!! Neoni asili yake mito ya Amazon, maji laini yenye madini machache na asidi kidogo. Umewatoa huko ukawatia kwenye maji ya mawe ya matumbawe. Ungemuuliza muuzaji wa Dar anawaweka kwenye maji gani kabla hujatuma hela. Na kwa maji hayo ungechukua samaki wa Ziwa Nyasa, maji ya pH ya juu ndiyo kwao. Umeruka Mbamba Bay ukaenda Brazili.

Korosho Ghafi:
Kwa hiyo wauaji ni wawili. Mmoja kwa meno, mwingine kwa kisima. 😂

Dada wa Ligula:
Nimecheka kwenye bajaji hadi dereva kaniangalia kwa kioo. Nauli ya samaki ulilipa bei gani lakini? Mimi konda alinitoza ndoo ya asali kama abiria mzima, na ndoo ikakaa chini ya miguu ya mtu.

Mzee wa Nanguruwe:
Heri ninyi mnaofika. 2024 barabara ilivyokatika Somanga nilikula biskuti mpaka nikazichukia. Hadi leo mtoto akifungua pakiti natoka nje.

Kisima cha Shangani:
Jamani uzi ni wa samaki. Wa kumi kaondoka sasa hivi.

Mama Kitenge:
Pole kaka. Lakini "kaanga" ni nini? Mimi fundi cherehani nilimpa kitenge doti nzima cha sendofu ya mdogo wangu. Siku yenyewe gauni halipiti mabegani. Namuuliza, ananitazama juu mpaka chini mbele za watu, ananiambia "dada, ulipopimwa hukuwa hivi". Nilipimwa JUMATATU. Sendofu Jumamosi!

Bibi Mikindani:
Astaghfirullah. Huyo wa kumwagiwa maji ya mfuko.

Dada wa Ligula:
Subiri. Ana mkanda wa kupimia shingoni hata akiwa msibani?

Mama Kitenge:
Huyohuyo!!

Kisima cha Shangani:
Nimebakiwa na wawili.

Dada wa Ligula:
Mungu wangu, gauni langu lipo kwake tangu Idi. Mama Kitenge, leo kafungua? Nachukua bajaji sasa hivi.