Kamera ya kuanzia kwa pasipoti na shughuli, bajeti laki 9: nichukue ipi kati ya hizi nne? (Mtwara)

korosho_ghafi (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam. Nina kibanda cha steshenari, nataka kuongeza picha za pasipoti, na wikiendi harusi ndogo na sherehe za unyago. Bajeti laki tisa, ikibana sana milioni, humo humo itoke kadi na betri ya akiba. Nimewekewa mezani hizi:

1. Canon 4000D mpya, na lenzi ya 18-55.
2. Canon 2000D iliyotumika, na 18-55. Muuzaji yuko Lindi.
3. Nikon D3200 iliyotumika, lenzi yake 18-55 imeandikwa AF-P. Hii ndiyo ya bei ya chini kati ya zile zenye lenzi ya kubadilisha.
4. Kamera ndogo mpya kwenye boksi, 64MP, 4K, zumu 16x. Jina la kampuni silijui. Inatoka Kariakoo, naletewa kwa basi.

Ipi nichukue, na nikague nini kabla ya kutoa hela? Halafu kuna Rebel T7 naiona inatajwa tajwa, ni bora kuliko 2000D?

fundi lenzi (Lindi)

Mkuu, anza kwa kuitoa namba 4. Hizo 64MP (megapikseli, yaani mamilioni ya nukta za picha) hazipo kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ndani kuna sensa ndogo ya daraja la simu ya zamani, programu inaichukua picha ndogo na kuinyoosha iwe kubwa. Zumu 16x nayo ni ya kidijitali, yaani inakata katikati ya picha na kuikuza. Ukitaka kuhakiki, piga ukurasa wa gazeti ukiwa mita mbili, kuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia 100. Herufi zikionekana kama zimechorwa kwa rangi ya maji, umeshapata jibu.

Tena wewe megapikseli si shida yako kabisa. Pasipoti ya sm 3.5 kwa 4.5, ikichapwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Haifiki robo ya megapikseli moja. A4 nzima ni kama megapikseli 8.7. Ile 4000D yenye 18 inatosha na chenji inabaki.

Namba 3 ndiyo mtego wenyewe. Lenzi ya AF-P kwenye D3200 itaingia na kujifunga vizuri tu, lakini fokasi haitembei. Na usidhani utaizungusha kwa mkono: pete ya fokasi ya AF-P inaendeshwa kwa umeme, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) isipoielewa lenzi, pete nayo imekufa. Ndiyo maana bei iko chini. D3300 inaikubali baada ya kusasishwa programu yake, D3400 na D3500 zinaikubali moja kwa moja. D3200 unaitafutia lenzi iliyoandikwa AF-S 18-55, na huyo muuzaji akikubali kubadilisha lenzi, bodi yenyewe si mbaya: megapikseli 24, na ina tundu la maiki ambalo Canon zote mbili ulizotaja hazina.

Rebel T7, 1500D na 2000D ni kamera ileile ya mwaka 2018. Marekani wanaiita T7, masoko ya Asia 1500D, huku kwetu na Ulaya 2000D. Usilipie jina.

ligula_kwetu (Mtwara)

Mimi nasema mpya ni mpya. Chukua 4000D, ina waranti, vya mkononi ni kununua ugonjwa wa mtu.

fundi lenzi (Lindi)

Waranti aulize kwanza inaheshimiwa wapi. Ikiwa ni karatasi ya nchi nyingine, ni karatasi tu.

Halafu 4000D imebanwa matumizi kweli kweli. Pete ya kufungia lenzi ni ya plastiki wakati ya 2000D ni chuma, na mtu anayebadilisha lenzi kila wiki ataona tofauti. Kioo cha nyuma ni inchi 2.7 chenye nukta 230,000, cha 2000D ni inchi 3 na nukta 920,000. Kwenye hicho kidogo huwezi kujua picha imefokasi au la mpaka ufike kwenye kompyuta, na hapo bibi harusi ameshakwenda kwao. Anayevaa miwani ajue pia kuwa 4000D haina kile kigurudumu cha kurekebisha jicho la kuchungulia.

Angalia na lenzi yenyewe. Imeandikwa IS au haijaandikwa? 4000D kwa kawaida hutoka na 18-55 III isiyo na IS, yaani haizuii mtikisiko wa mkono. Ukiwa 55mm bila IS, spidi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) isishuke chini ya 1/100 ya sekunde. Yenye IS, 1/30 inawezekana kama mtu ametulia.

Mama Shela (Masasi)

Kaka korosho, mbona hakuna aliyegusa flashi? Na ndiyo itakayokupatia hela ya harusi.

Tazama juu ya kamera, pale pa kuchomekea flashi ya nje. Kamera nyingi zina vidoa vidogo vya chuma pembeni na kimoja kikubwa cha duara katikati. Hicho cha katikati ndicho kinachoamrisha flashi yoyote iwake, iwe ya kampuni gani. Canon wamekitoa kwenye 4000D na kwenye 2000D nyingi. Ukiweka flashi ya Yongnuo YN560 au zile trigga (vya kuwashia flashi kwa mbali) za bei rahisi, haziwaki hata ufanyeje, na watu huishia kurudisha flashi nzima dukani wakidhani ni mbovu. Kwenye kamera hizo utahitaji flashi ya Canon yenyewe au Godox yenye herufi C mwishoni mwa jina, na programu yake iwe imesasishwa. Nikon hazina tatizo hilo.

Kwa hiyo nenda Lindi na flashi ya kuazima mkononi. Ikiwaka, nunua. Isipowaka, pangeni bei upya, maana tofauti ya flashi moja na nyingine ni pesa.

korosho_ghafi

Dada nashukuru, hilo sikulijua kabisa. Nikishaipata, shughuli za huku kwetu nyingi ni usiku chini ya turubai. Naweka vipi?

Mama Shela (Masasi)

Weka M, yaani unapanga mwenyewe. Spidi 1/125, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600, flashi kwenye TTL, yaani kamera ijipimie nguvu ya flashi. Spidi isipite 1/200, ukipita unapata ukanda mweusi chini ya picha kwa sababu mapazia ya shata hayafunguki yote kwa wakati mmoja.

Usielekeze flashi juu kwenye turubai. Ukumbini kwenye dari la jipsamu jeupe, sawa, mwanga unarudi laini. Turubai la bluu linarudisha bluu, la njano linarudisha njano, na nyuso za watu zinatoka kama wagonjwa. Rangi hiyo haisafishiki kirahisi kwenye kompyuta, maana uso umepata bluu juu na taa ya kawaida pembeni. Elekeza mbele, funga kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira, kichwa ukiinue kidogo.

Shela na kanzu: kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, uso wa bibi harusi unazama. Ongeza flashi +2/3 hadi +1. Mamwali wakiwa kwenye giza na nyuma yao hakuna kitu, ni kinyume chake, punguza -2/3, la sivyo unga waliopakwa usoni unaungua wote.

Kukiwa na taa za LED na hutumii flashi, tumia 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, ukitumia 1/160 unaweza kupata mistari ya giza. Video nayo ingia menyu, mfumo weka PAL, ndipo utaona fremu 25 kwa sekunde. Sauti usiitegemee kamera. Weka simu karibu na spika irekodi, piga kofi moja mbele ya kamera ili ulinganishe baadaye.

fundi lenzi (Lindi)

Pasipoti hazihitaji hayo yote. Zumu iwe 50 hadi 55, mteja umbali wa mita moja na nusu mpaka mbili. Wanaosogea karibu na kupiga kwa 18 ndio wanaotoa watu pua kubwa na masikio yaliyokimbilia nyuma. Kitambaa kiwe mita moja nyuma yake ili kivuli kisionekane. Mizani ya rangi usiache ya otomatiki, piga karatasi nyeupe kwanza uiweke kwa mkono.

Ukifika kwa muuzaji: betri ya Canon hizo ni LP-E10, itoe uiweke juu ya kioo cha meza; ikizunguka kama pia, imevimba. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi uchungulie mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Zungusha zumu taratibu sikio likiwa karibu, ukisikia kukwaruza ni mchanga. Kisha f/22, ISO 100, piga karatasi nyeupe lenzi ikiwa nje ya fokasi, uone vumbi la sensa. Idadi ya picha zilizopigwa Canon haiandiki ndani ya picha, inahitaji kompyuta na waya. Nikon inaandika, na D3500 kwa mfano shata yake imepimwa kwa mizunguko 100,000. Namba ya faili ya Canon isikudanganye, ikifika 9999 inaanza upya.

korosho_ghafi

Niko hapa Lindi na 2000D mkononi. Lenzi ina IS. Flashi ya YN560 haikuwaka. Karatasi nyeupe imeonyesha madoa matatu juu kulia. Na mara moja imetoa Err 01 nilipovuta hadi 55. Niache?

fundi lenzi (Lindi)

Usiache bado. Err 01 maana yake lenzi na bodi hazielewani, mara nyingi ni uchafu. Toa lenzi, futa vile vidoa vya dhahabu nyuma yake na vya bodi kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, kikiwa na spiriti safi kidogo ni bora. Rudisha, vuta zumu mwanzo mpaka mwisho mara kumi ukipiga kila mara. Isiporudi, ni uchafu. Ikirudi palepale 55, utepe wa umeme ndani ya lenzi unakatika, basi toa gharama ya lenzi nzima kwenye bei. Ingekuwa Err 20 au 30 ningekwambia panda gari urudi.

Madoa: picha inaingia kichwa chini, kwa hiyo vumbi la juu kulia kwenye picha liko chini kulia ukiitazama sensa kwa mbele. Betri ijae kwanza, maana ikizima katikati shata inajifunga. Menyu, safisha kwa mkono, kioo kitainuka. Shika kamera mdomo ukiangalia chini, pampu ya mpira mara kumi. Usipulize kwa mdomo, mate hayatoki.

korosho_ghafi

Mara kumi, Err haikurudi. Madoa yamebaki moja. Kwa ajili ya flashi amepunguza, nimeichukua. Sasa namna ya kuitunza, kwetu kuta zinatoa chumvi.

kaskazi_kusi (Mikindani)

Adui yako ni unyevu. Kuvu linaanza kustawi hewa ikipita asilimia 60 au 70, na pwani hii miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, tuko juu ya hapo siku nyingi. Begi la kitambaa kabatini ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Tafuta ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mpira kwenye mfuniko, silika jeli gramu 200 kwenye mfuko wa kitambaa, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga 40 hadi 50. Chini ya 30 nako kunakausha grisi ya lenzi. Mchele achana nao, unanyonya kidogo na kuacha vumbi la wanga.

Ukitoka Msimbati au popote penye upepo wa bahari, futa bodi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa sana, halafu kikavu. Lenzi hubadilishi ufukweni. Ukitoka chumba cha AC, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kinatoa jasho ndani na nje.

korosho_ghafi

Silika ikishiba natupa?

kaskazi_kusi (Mikindani)

Hapana. Chukua ya rangi ya chungwa, ikishiba inageuka kijani. Ile ya bluu ina kobalti, ni sumu, usiiweke nyumbani penye watoto. Imwage kwenye sufuria kavu, moto mdogo wa mkaa, geuza geuza mpaka chungwa irudi. Ikizidi moto punje zinakuwa kahawia na hazifanyi kazi tena. Iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, si kwenye sinia, maana ikipoa wazi inakunywa hewa ya jikoni na umerudi ulikotoka. Na sufuria hiyo isirudi kupikia.