Naomba ushauri: nimchore mama akiwa mgonjwa, au niache?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji hapa Dar, natumia rangi za kopo kwenye hadibodi. Mama yangu alifariki kwa figo. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mshipa wa mkono ulivimba pale sindano zilipoingia. Tangu arobaini ipite sichori kingine: ni mkono ule, mashine, mipira iliyojaa damu. Simba na twiga wanaopendwa na watalii vimenishinda kabisa.

Edvard Munch wa Norway alimchora dada yake aliyekufa kwa kifua kikuu, akairudia picha hiyo kwa miaka takriban 40, kwa hiyo najua sijapagawa. Kaka yangu mkubwa, hata hivyo, anasema namwanika marehemu. Shangazi yeye alilia, akaomba apewe moja (hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi).

Nataka kuomba nafasi ya maonyesho Nafasi Art Space, Mikocheni. Je, nisubiri kaka aridhie, au nionyeshe zile zisizo na sura? Na waliowahi kuuza kazi za msiba wao, bei mlipangaje?