Kampuni kubwa inahitaji kweli ngazi zote hizi za mameneja? Naombeni ushauri

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Kampuni ni ya usambazaji wa bidhaa, wafanyakazi 600, maghala matatu: Dar, Mbeya na Mwanza. Juu ya mpakiaji kuna ngazi saba: kiongozi wa zamu, msimamizi, meneja msaidizi, meneja wa tawi, meneja wa kanda, mkuu wa idara, halafu Mkurugenzi Mtendaji. Ombi la tairi moja la lori linapita sahihi tano. Bodi inataka ngazi zibaki tatu. Inawezekana, au tutajiumiza?

Kalamu Nyekundu: Mkuu, piga hesabu kabla hujataja jina la mtu. Kila kiongozi akisimamia watu 5, unahitaji 120 chini, 24 juu yao, 5, kisha bosi: viongozi 150, ngazi nne. Wakisimamia 10 unapata 60, 6 na 1. Jumla 67, ngazi tatu. Kwa hiyo bodi haijaota.

Ila 10 ni wastani, msiufanye sheria. Wapakiaji kazi yao inafanana na inaonekana kwa macho, msimamizi mmoja anamudu 15 hadi 20. Wahasibu na wanunuzi, ambao kila jambo lao lina utata wake, 6 au 7 wanatosha. Zamu ya usiku lazima iwe na kiongozi hata ikiwa na watu watano.

Meneja wa kanda anasimamia nini kama kila kanda ina ghala moja? Vyeo vya namna hiyo mara nyingi vilibuniwa ili mtu aongezewe mshahara. Wekeni madaraja ya mishahara ya wataalamu yasiyomlazimu mtu awe na watu chini yake, la sivyo vitarudi kwa majina mengine.

Funguo za Ghala: Chukueni fomu 40 za manunuzi za karibuni. Kwa kila sahihi andikeni tarehe fomu ilipofika mezani, tarehe ilipotoka, na kama mtia sahihi alibadilisha chochote: kiasi, bei, muuzaji, au aliikataa. Asiyebadilisha kitu kwenye zote 40 ni wa kutiliwa shaka. Nasema shaka tu, maana kuna mabosi ambao watu hawathubutu kuwapelekea ombi bovu, na hilo kwenye fomu halionekani. Waulizeni watunza stoo.

Kisha toeni waraka wa viwango vya idhini, kwa mfano msimamizi hadi laki tano, meneja wa ghala hadi milioni tano. Waraka utangulie, mtu afuate. Mkimwondoa meneja kwanza, fomu zake zote zitapanda kwa Mkurugenzi, na tairi linalosubiriwa siku tatu sasa litasubiriwa wiki mbili.

Mpinga Vyeo: Mbona mnazunguka? Ondoeni mameneja wote. Buurtzorg, shirika la uuguzi wa majumbani la Uholanzi, lina maelfu ya wauguzi na halina mameneja wa kati.

Kalamu Nyekundu: Ni kweli, lakini timu zao hazizidi watu 12, ni wauguzi waliosomea kazi, wana wakufunzi wa kuwasaidia na mfumo wa kompyuta unaowaonyesha saa zao. Google ilijaribu mwaka 2002 kuondoa mameneja wa wahandisi. Haikumaliza mwaka: watu walimwendea Larry Page, mmoja wa waanzilishi wake, moja kwa moja na risiti za matumizi na ugomvi wao. Ugomvi haufutiki na cheo, unahamia meza nyingine.

Mezani CMA: Dada au kaka mleta mada, msisahau Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kupunguza watu kunadai taarifa ya kusudio, kutoa sababu na taarifa husika, kisha mashauriano na chama cha wafanyakazi au wahusika wenyewe kabla uamuzi haujafungwa. Barua za kuachishwa zikiwa zimeshachapwa siku ya kikao cha kwanza, mmeshindwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10, mbali na notisi na likizo.

Mleta mada: Nawashukuru. Mkurugenzi wa fedha anasema sahihi zikipungua wizi utaongezeka.

Funguo za Ghala: Sahihi tano ndizo zinazoficha wizi, kila mmoja anaamini mwenzake ameshakagua. Watu watatu wanatosha mradi wawe tofauti: anayeomba, anayeidhinisha, anayepokea. Kwa tairi, fomu iwe na namba ya gari, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi na namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi jipya. Tairi la zamani lirudi stoo ndipo jipya litoke. Mkaguzi wa ndani achague malori matatu kila mwezi bila kutoa taarifa, ainame asome namba hizo kwenye gurudumu lenyewe.