Natuhumiwa kughushi sahihi kwenye daftari la kliniki ya meno: nijiteteeje mbele ya kamati?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:

Ndugu zangu, na hasa walimu mliomo humu, naomba ushauri kwa jambo lililoninyima usingizi wiki nzima. Ninasomea udaktari wa meno. Nimepokea barua kutoka ofisi ya mkuu wa kitivo ikinituhumu kughushi sahihi ya msimamizi katika daftari langu la kazi za kliniki. Kazi zinazotajwa ni tatu, zote za tiba ya mzizi wa jino. Msimamizi amesema hakumbuki kuzisimamia, na kwamba katika mojawapo ya tarehe zilizoandikwa yeye alikuwa likizo. Nimepewa siku 10 za kujibu kwa maandishi, kisha nitaitwa kikaoni.

Ukweli ni huu. Kazi zote tatu nilizifanya kwa mikono yangu, na sahihi zote ni za msimamizi mwenyewe. Lakini sikulijaza daftari siku zilezile. Nilikaa zaidi ya mwezi, nikaandika tarehe kwa kukumbuka, nikamwomba azisaini zote kwa pamoja jioni moja kliniki ilipokuwa ikifungwa, naye akasaini akiwa amesimama, bila kuzisoma. Je, nikilikiri hilo si nitakuwa nimejifunga mwenyewe? Nimfuate msimamizi nimkumbushe? Wenzangu wawili wananishauri nikane kila kitu, kwa kuwa anayetuhumu ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha.

Mwalimu wa kliniki:

Pole sana, mwanangu. Nimesimamia kliniki ya wanafunzi kwa muda mrefu na nimewahi kukaa kwenye kamati za namna hii, kwa hiyo nianze na swali lako la pili, maana ndilo la haraka. Usimfuate msimamizi. Tangu barua ilipotoka yeye ni shahidi, na hata ukimwendea kwa heshima na nia njema, mazungumzo hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa ulikwenda kumshawishi abadili maneno yake. Vilevile usiliguse daftari. Usisahihishe tarehe wala kuongeza hata nukta, na usifungue majalada ya wagonjwa hao kwenye kompyuta, kwani mifumo mingi huweka kumbukumbu ya aliyefungua jalada na saa aliyolifungua. Nimemwona mwanafunzi mwenye hoja nzuri akiiharibu kwa masahihisho ya dakika tano aliyoyafanya usiku.

Sasa utetezi wenyewe. Tiba ya mzizi wa jino haifanyiki bila kuacha alama. Ipo picha ya eksirei ya kabla ya kazi, mara nyingi ipo ya kupimia urefu wa mfereji ulio ndani ya mzizi, na ipo ya baada ya mifereji kujazwa. Zikiwa za kidijitali, kila moja hubeba tarehe na saa yake. Jalada la mgonjwa lina aina na kiasi cha dawa ya ganzi, urefu wa kila mfereji na maelezo ya kila hatua. Kuna fomu ya ridhaa, daftari la miadi, mgawanyo wa viti na orodha ya zamu za wasimamizi, na katika kliniki nyingi vifurushi vya vifaa vilivyotakaswa huwa na namba inayoonyesha vilitoka kwenye mashine siku gani. Yupo pia msaidizi aliyefanya kazi nawe kitini. Mambo haya yakipangwa pamoja, kila kazi kwa siku yake, kamati itaona kazi ilifanyika lini na nani alikuwa zamu. Hapo hata hoja ya likizo inaweza kupata jibu lake: huenda msimamizi hakuwepo siku iliyoandikwa kwa sababu kazi haikufanyika siku hiyo.

Lakini kumbukumbu hizo zinahusu wagonjwa, na siri zao ni amana uliyokabidhiwa. Usizipige picha kwa simu wala usichukue nakala kwenda nazo nyumbani, la sivyo utajibu shtaka la pili la kutoa siri za wagonjwa, na hilo hutakuwa na la kujitetea. Mwandikie katibu wa kamati leo hii, ukiomba kumbukumbu hizo zihifadhiwe na ziletwe kikaoni majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa. Nasisitiza leo kwa sababu orodha za zamu na za viti, zikiwa za karatasi, hutupwa upesi.

Mshauri wa sheria:

Nimewasaidia wanafunzi wa fani za afya katika mashauri kama haya, na ningependa kuongeza mambo ya utaratibu. Wenzako wanaokushauri ukane kila kitu wanachanganya kamati ya chuo na mahakama ya jinai. Ni kweli kwamba anayetuhumu ndiye huthibitisha, ila vyuo vingi havidai uthibitisho usioacha shaka. Hutosheka na kuona kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea kuliko kutotokea. Katika mizani hiyo, mtu anayekana hata yale yanayoonekana wazi hupoteza imani ya wasikilizaji, na maneno yake ya kweli hupotea pamoja na ya uongo.

Soma kanuni za chuo chako neno kwa neno, hasa maana ya "kughushi". Mara nyingi kughushi hudai nia ya kudanganya, ilhali kuchelewa kujaza daftari na kukisia tarehe huweza kuwa uzembe wa kutunza kumbukumbu, kosa lenye jina lake na adhabu yake. Katika majibu yako yatenganishe mambo hayo mawili waziwazi: hili nililifanya, lile sikulifanya. Omba upewe tuhuma kwa ukamilifu na ushahidi wote kabla ya kikao. Uliza kama daftari halisi litakuwepo, na kama sahihi zimelinganishwa na sahihi zake nyingine na mtu mwenye ujuzi huo. Hakikisha pia kwamba aliyeleta malalamiko hakai miongoni mwa waamuzi, na uliza kama unaruhusiwa kuja na mtu wa kukusindikiza. Usiweke akiba ya ushahidi kwa ajili ya rufaa. Rufaa nyingi hupokelewa tu pale utaratibu ulipokiukwa, adhabu ilipopita kiasi, au ulipopatikana ushahidi ambao haukuweza kuletwa mapema.

Nakuonya pia dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani kukiri usichokifanya ili uhurumiwe. Mwaka 2021 shule ya udaktari ya chuo cha Dartmouth, Marekani, iliwatuhumu wanafunzi 17 kwa kufungua nyenzo za masomo wakati wa mitihani, ikitegemea kumbukumbu za mfumo wa masomo wa Canvas. Baadhi yao walisema walipewa chini ya saa 48 za kujibu, na wapo waliosema walishauriwa wakiri ingawa hawakuwa na hatia. Baadaye ilionekana kwamba kumbukumbu za aina ile huweza kuzalishwa na simu au kompyuta yenyewe bila mtu kugusa chochote. Shule iliyafuta mashtaka yote mwezi Juni mwaka huohuo, na mkuu wake akaomba radhi. Kwa hiyo ushahidi wowote utakaoletwa, uwe wa kompyuta au wa karatasi, uliza umetokana na nini na unaweza kuelezwa kwa njia gani nyingine.

Daktari wa meno, niliyepitia hayo:

Mdogo wangu, nakuandikia kwa uchungu kwa sababu nilisimama pale utakaposimama. Mimi nilituhumiwa kwamba jino bandia nililowasilisha kwenye mtihani wa kuandaa taji, yaani kuchonga jino ili livalishwe kifuniko, halikuwa kazi yangu. Lilikuwa kazi yangu. Lakini nilipoulizwa kama nilitoka nje ya maabara wakati wa mtihani, nilijibu kwamba sikutoka, kwa kuwa niliogopa kuonekana vibaya, nami nilikuwa nimetoka kwa dakika chache tu. Mwenzangu mmoja alisema ukweli alipoulizwa. Tuhuma ya jino haikuthibitika, ila niliadhibiwa kwa kuidanganya kamati, nikarudia muhula mzima.

Nilipoomba usajili wa kazi, fomu iliniuliza kama niliwahi kuchukuliwa hatua za nidhamu chuoni, nami nilijibu ndiyo na kueleza yote. Nilisajiliwa, lakini baada ya kusubiri kwa muda mrefu na kuandika barua nyingi. Wanaosajili madaktari huangalia uaminifu kwa sababu mgonjwa aliyelala kitini, mdomo wazi na taya limekufa ganzi, hana njia ya kujua kama tulichoandika kwenye jalada lake ndicho tulichokifanya. Nakuomba usiwasikilize wenzako hao. Tafuta pia mtu mmoja wa kuzungumza naye katika siku hizi, kwani mimi nilikaa kimya nikakaribia kuacha masomo.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:

Asanteni sana nyote. Nimesoma kila neno zaidi ya mara moja. Nilimwandikia katibu siku ileile, na leo nimeonyeshwa kumbukumbu mbele yake. Picha za eksirei za kazi mbili zimepishana na tarehe nilizoandika kwa siku nne na siku sita, na siku hizo za kweli msimamizi alikuwa zamu. Ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Kwa mujibu wa orodha, siku hiyo aliyekuwa zamu ni msimamizi mwingine, ambaye sasa amehama, na nimekumbuka kuwa kweli ndiye aliyesimama nami. Mimi nilimpelekea huyu wa kwanza azisaini zote tatu kwa pamoja. Sikuwaza hilo hata kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kamati bado haijaligundua.

Mwalimu wa kliniki:

Mwanangu, aya ya kwanza ya majibu yako iwe hiyo ya kazi ya tatu. Eleza kwamba ilisimamiwa na mwingine, kwamba ulimpelekea asiyehusika aisaini bila kuwaza, na kwamba unaomba kamati imwandikie yule aliyehama. Wao ndio wamwandikie, si wewe. Kisha fuata na zile mbili, tarehe uliyoiandika na tarehe ya eksirei zikiwa bega kwa bega. Maelezo ya jinsi ulivyochelewa kujaza daftari yaweke mwisho, kwa sentensi chache, bila kumtaja msimamizi kuwa alisaini akiwa amesimama. Wakikuuliza hilo, jibu kama ulivyotujibu sisi.